Mbwa Mkavu

Nilipohamia ghorofani Malindi nilikuja na godoro, masanduku ya vitabu na mbwa. Godoro na vitabu havikuwa na maneno. Mbwa ndiye aliyehitaji ruhusa.

Mkataba wa nyumba ulisema hivyo: mpangaji asifuge mnyama bila idhini ya mwenye nyumba, na idhini yenyewe yaweza kuondolewa majirani wakisumbuliwa. Mwenye nyumba, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, alimtazama mbwa wangu kwa kitambo. Ni mbwa wa kawaida wa kwetu Gede, rangi ya udongo wa shamba, sikio moja limesimama na jingine limelala, kama mtu aliyeamua kusikiliza nusu tu ya maneno ya dunia. Mzee akauliza kama amechanjwa. Nikampa kadi ya chanjo. Akauliza kama hubweka. Nikasema hubweka akiona punda tu.

"Malindi hii, punda ni wengi," akasema, kisha akacheka. "Haya, akae. Lakini sikiza, binti. Mimi mbwa hanisumbui. Wanaonisumbua ni watu. Bibi wa chini akilalamika, mbwa aondoka."

Nilijua angeondoka kwenda wapi. Mama alikuwa amefunga nyumba yetu ya Gede na kuhamia kwa kaka yangu Marereni, anakofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Kaka alikuwa radhi kumchukua mbwa: angemfunga mnyororo mlangoni pa ghala alinde magunia. Kaka si mtu mbaya. Ila mbwa huyu alikulia jikoni kwa mama, akilala kwenye jivu la jana, na shingo yake haijawahi kujua chuma.

Bibi wa chini alikuwa mjane, mzaliwa wa Mambrui, na mlango wake ulitazamana na ngazi. Barazani kwake alitandika mkeka, na hapo alikaa akichambua mchele au akisuka ukili wa mikeka, na alasiri, akishatawadha, akingoja adhana. Kila anayeingia na kutoka alimpitia. Hapakuwa na njia nyingine.

Nimekulia nyumba ya Kikristo, mama akifundisha watoto nyimbo kanisani, lakini Waislamu ni majirani zetu tangu nifungue macho. Nimekula pilau za Idi nyingi kuliko za sikukuu zangu mwenyewe. Nilidhani nawajua. Nilijua kwamba mbwa kwao ni najisi, na nikaona jambo hilo ni jepesi: najisi ni uchafu, na dawa ya uchafu ni maji.

Basi nikamuosha. Kila alasiri kabla ya kumshusha matembezini nilimsimamisha bafuni, nikammwagia ndoo, nikamsugua kwa sabuni ya mche mpaka povu likawa rangi ya chai ya maziwa. Alivumilia kwa macho ya huzuni ya mtu anayesimangwa mbele ya wageni. Kisha tulishuka, yeye akinukia, akichuruzika maji ngazi moja baada ya nyingine, nami nyuma yake nimejaa fahari. Jua la alasiri liliingia kwenye matundu ya ukuta, likameremeta katika kila tone. Niliona kama tunashuka na shanga.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba," alijibu, huku akiukunja mkeka upesi kama aliyeona moto. "Astaghfirullah."

Nikasema moyoni, bado hajatakata. Nikanunua sabuni kali zaidi.

Siku moja adhana ya alasiri ilianza tukiwa tumefika ngazi ya mwisho. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, leso kichwani, tayari kwa swala. Mbwa naye akachagua pale pale kujikung'uta. Alianzia kichwani akamalizia mkiani, na maji yakaruka kila upande kama mchele unaopepetwa.

"Leso yangu!" bibi akapiga ukelele. "We mwana we! Na adhana hiyo yaadhiniwa!"

Kesho yake mwenye nyumba alikuja. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba Ijumaa angepita kumuuliza bibi mwenyewe, mbele yangu, na neno la bibi lingekuwa ndilo neno.

Jioni ile nilishuka peke yangu. Bibi alikuwa anafunga madirisha.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Yuko wapi huyo mgeni wako?"

"Nimemfungia juu."

"Yu mkavu?"

Sikuelewa. "Yu safi, bibi. Wallahi namuosha kila siku, na sabuni."

"Yarabi!" Akaliachia dirisha. "Na ni nani aliyekutuma umuoshe?"

Akanionyesha ngazi ya mwisho.

"Hebu kaa hapo. Mbwa mkavu akipita kwenye sakafu kavu, hapana neno. Amepita, amekwenda zake. Lakini akiwa maji, kila anapogusa mimi nina kazi. Nipaoshe mara saba, na moja iwe kwa mchanga. Sasa wewe waniletea mbwa wa maji kila siku ya Mungu, ilhali jua lawaka! Mbwa anaoga kuliko watu! Mimi na magoti yangu haya nainama kusugua ngazi na mchanga, nikimaliza, huyo, mwarudi! Nikasema mtoto huyu ananifanyia kusudi."

"Nilikuwa namuosha kwa ajili yako, bibi."

Alinikazia macho. Kisha kicheko kikamtoka, kikamshika mbavu, akashikilia mwimo wa mlango.

"Kwa ajili yangu! Haya, ahsante mwanangu. Mola akulipe. Lakini usinifanyie tena hisani hiyo."

Nilicheka nami, machozi yakinilenga. Nikamuuliza, basi, Ijumaa atasemaje.

"Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa," akasema, akichukua kibiriti chake cha kuwashia udi. "Huko juu ni kwako, na malaika wako utajuana nao mwenyewe. Hapa chini nitatazama. Sijasema ndiyo."

Tangu saa ile mbwa hakuguswa na maji. Alirudia rangi yake, akarudia harufu yake ya jua na vumbi, akawa anashuka ngazi mkia juu. Bibi alimtazama akipita kando ya ukuta. Mkeka haukukunjwa.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, tulikuwa kiwanja cha nyuma ya mtaa, mbwa akikimbiza kunguru. Mvua ikatoka baharini bila hata kutuma wingu mbele. Tulipofika uchochoroni kwetu tulikuwa tumelowa chapachapa, na barazani bibi alikuwa amesimama pamoja na mwenye nyumba na mwavuli wake.

Nilisimama upande wa pili wa njia, chini ya kibanda kitupu cha muuza mihogo, ambacho paa lake lilivuja kila mahali. Nikamshika mbwa ukosi.

"Ingia, binti! Walowa!" mwenye nyumba akaita.

"Siwezi! Mbwa ameloa!"

"Kwani ndiyo nini? Ingieni!"

"Ngazi za bibi zitaloa! Tutangoja akauke!"

Mwenye nyumba akanitazama kama mwendawazimu, kwa maana mvua yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inapata nguvu. Bibi alinitazama vingine. Aligeuka akaingia ndani. Nikauona ule mnyororo wa Marereni waziwazi, na kutu yake ya chumvi.

Akatoka na gunia tupu la mchele. Akalikunja, akalirusha kuvuka njia, likanigonga kifuani.

"Mfute! Mfute vizuri! Na mkia, mkia ndio wenye shari!"

Nikamfuta kama anayepangusa sahani za harusi. Mwenye nyumba alikohoa. "Sasa bibi, nilikuja kuuliza. Huyu mbwa akae ama aende?"

"Aende wapi na mvua yote hii?" bibi akasema. "Kwangu hafugwi. Afugwa juu. Hapa apita tu. Apite mkavu."

Gunia lile sasa limetundikwa msumarini, upande wa nje wa mlango mkubwa. Bibi ndiye aliyeupigilia msumari. Akiona mbingu inabadilika hupaza sauti ngazini: "We mwana! Mtoe mgeni wako sasa hivi, kabla ya mvua!" Nami huacha kalamu, nikashuka na mbwa anayenuka vumbi.

Mama akipiga simu kutoka Marereni haachi kuuliza kama namuosha. Mimi humwambia hapana, jirani amekataza.