Mwiko wa Saa Nne Nilioutunga Mwenyewe

Nilimdanganya mtafiti. Heri niliseme mapema, maana hata nikilizungushia maneno matamu litabaki lilelile. Mama wa watu alitoka chuo kikuu na daftari lake, akaniuliza kwa upole kama kwetu kuna desturi ambayo walimu hawaijui. Nikamwambia kwamba kwetu, sisi Waswahili tulioletwa Nairobi na babu zetu kutoka pwani, mtoto wa kiume haulizwi swali kabla ya saa nne asubuhi. Ni mwiko. Akiulizwa, mama yake anapatwa na mkosi.

Hesabu tunasoma saa mbili.

Aliandika yote, na neno “mkosi” akalipigia mstari. Alikuwa anachunguza jinsi ya kufundisha watoto wa kila namna bila kumwacha yeyote nje, na darasa letu, lenye lugha nyingi kuliko madirisha, lilimfaa sana. Mwalimu wa hesabu akaambiwa. Kuanzia Jumatatu akawa ananiruka kama dereva anavyokwepa shimo. Wiki tatu nilikaa kama sultani, kidevu mkononi, wenzangu wakichomeka kwa maswali.

Halafu Alhamisi moja mtafiti akanisimamisha mlangoni. “Jumamosi nitakuja kumsalimia mama. Ningependa kuusikia ule mwiko kwa mtu mzima.”

Nikamwambia karibu sana, nikaondoka mbio.

Nikamweleza jirani yangu wa dawati, nikitarajia acheke. Hakucheka. Wazazi wake walikuja Kenya wakikimbia vita, na yeye huhesabu kwanza kwa Kisomali, midomo ikicheza bila sauti, ndipo alete jibu. Zamani mwalimu alitaka jibu chapchap; jamaa alikuwa anasimamishwa kila siku kama mlingoti na jibu analo kichwani. Alipomwambia mtafiti, naye akamfikishia mwalimu, mwalimu alianza kungoja kimya kidogo kabla ya kumchagua mtu. Mwalimu mkuu alisema kungojana huko ni majaribio tu, ripoti ya mtafiti ndiyo itaamua.

“Buda,” akaniambia, “si huyo mtafiti alisema akipata uongo kwa darasa anatupa karatasi zote za hiyo class?”

“Hatajua.”

“Mathe yako anauza viatu Kariokor. Anajua mtu anamdanganya kabla hajafungua mdomo.” Akafunga kitabu chake taratibu. “Nikirudi kusimamishwa, jua ni wewe.”

Nikafungua changu, nikajifanya nasoma.

Ijumaa nilikusudia kumwambia mama mara nne. Mara ya kwanza alikuwa anaswali. Mara ya pili alikuwa ameshika kisu cha kukatia ngozi, nikaona si wakati mzuri. Mbili zilizobaki ni woga mtupu. Nilimwambia tu kwamba kuna mgeni wa shule.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, kwa sababu mama akisikia mgeni hulala ameshakanda unga. Jumamosi nyumba ilinukia iliki. Vikombe vya Idi vikatoka kabatini. Nilivipanga kwenye sinia.

Mtafiti alikuja baada ya alasiri. Akala hamri mbili, akasifu chai, akafungua daftari. Nilikuwa nimesimama karibu na pazia, jasho likinitambaa mgongoni kama siafu.

“Mama, mwanao alinieleza kuhusu ule mwiko wenu wa saa nne.”

Kwetu mgeni habishiwi akiwa na kikombe mkononi, na mtoto haaibishwi mbele yake. Mama hakushtuka hata kidogo. Alimwongeza chai, akaweka birika chini, kisha akaniita kwa jina langu lote, lile la kwenye cheti.

“Labeka, mama.”

“Mwiko huo mwenye kuujua ni wewe. Mweleze mgeni.”

Nilitamani pazia linimeze. Nikamwona akilini jirani yangu wa dawati amesimama darasani, midomo inacheza, watu wanacheka, na mimi nimekaa.

“Hakuna mwiko,” nikasema. “Niliutunga. Nilikuwa naogopa hesabu.”

Mtafiti akafunika kalamu yake. Kifuniko kililia *ta*, nikasikia hadi kwenye meno.

“Na jirani yako? Naye alitunga?”

“Hapana! Wallahi hapana. Tumekaa dawati moja tangu darasa la sita. Namsikia akihesabu kila siku. Akingojewa anapata, hata zile zinazonishinda.” Nikatoka penye pazia. “Mimi ndiye mwongo. Yeye usimtupe.”

Nikajua anapima: ushahidi wenyewe unatoka kwa mwongo. Kisha akafungua daftari, akatafuta, akachomoa karatasi moja. Niliutambua ule mstari chini ya “mkosi”. Akaikunja, akaniwekea mkononi. Zilizobaki akazirudisha mkobani, akamshukuru mama, akaaga.

Mama alimsindikiza hadi ngazi. Aliporudi, alifunga mlango kwa komeo, na mimi nikaanza kuangalia viatu vyote vilivyokuwa karibu na mkono wake. Hakugusa hata kimoja. Aliketi alipokuwa ameketi mgeni, akasema:

“Mimi walimu wangu hawakuniuliza swali hata moja. Nilikaa nyuma na mtandio wangu mpaka nikaacha shule, wakidhani sina la kujibu. Wewe umekwenda kuliomba hilo kwa mdomo wako. Osha vikombe.”