Ramani za Chumvi za Mwalimu Verna

Wifi yangu Verna Opdahl alifundisha darasa la nne hapa Torvik tangu nywele zake zikiwa na rangi ya ngano hadi zilipokuwa nyeupe. Mimi Ardis, dada wa mumewe, nilikuwa mpishi wa shule hiyohiyo. Kwa hiyo nitakayoyasema sikuhadithiwa na mtu, mengi niliyaona upawa ukiwa mkononi.

Darasa la nne ndilo la historia ya jimbo, na kwa Verna, jimbo letu la Dakota Kaskazini, huku Marekani, lilikuwa kitu cha kukandwa. Unga, chumvi na maji, unakanda, unabandika juu ya ubao, unapaka mto Missouri rangi ya buluu, kisha unaliacha jimbo likauke dirishani. Bismarck, mji mkuu, iliwekewa punje ya dengu. Torvik yetu, ambayo ramani nyingi haziijui kabisa, iliwekewa punje ya ngano. Aliwaambia watoto kwamba Bismarck ina watu wa kuitangaza, ila Torvik wasipoiweka wao hakuna atakayeiweka.

Watoto walirudi nyumbani na majimbo yao yenye chumvi, na mengine yakaliwa na mbwa njiani. La Duane Fossum liliachwa karibu na zizi, ng'ombe wa baba yake akalamba mashariki yote hadi mji wa Jamestown. Duane alilia, lakini Verna alimpa alama zote, akasema mto bado unaonekana.

Nilimpenda wifi yangu, ila alikuwa mtu wa kupenda sifa, na wala hakulificha. Wanaume wenye ndevu walimsimamisha dukani wamwambie kwamba bado wanakumbuka alivyowafundisha mwaka jimbo letu lilipoingia kwenye Muungano wa Marekani. Siku kama hiyo aliweza kuishi kwa kahawa tupu mpaka jioni.

Kisha visima vya mafuta vikaleta wageni, watoto wakaongezeka, darasa la nne likagawanywa mawili. Akaja Janelle Dockter, binti mdogo wa huko kusini mwa jimbo, mwenye kicheko cha kusikika mpaka jikoni kwangu. Huyu hakukanda unga. Aliwaandikia watu wa makumbusho ya jimbo, wakamletea sanduku kubwa lenye magurudumu, ambalo huziazimisha shule bure kwa zamu. Ndani mlikuwa na ngozi nzima ya nyati na manyoya yake, nguo za walowezi za kujaribu, na jembe la mfupa wa bega la nyati, la aina waliyolimia Wamandan, wenyeji wa asili wa huku, mahindi yao kando ya Missouri. Janelle akawatoa watoto nje wakalima nalo nyuma ya uwanja. Watoto wa Verna walibandika pua zao kwenye kioo cha dirisha hadi kikaingia ukungu.

Mchana huo foleni ya chakula haikuwa na habari nyingine ila ngozi. Msichana mmoja wa darasa la Verna akamuuliza mwalimu wake mbele yangu, bila ubaya wowote, "Na sisi tutashika nini?"

Hapo ndipo wivu ulipomwingia wifi yangu, na ukishamwingia mtu wa umri ule hautoki kirahisi. Alikuja jikoni akijifanya anatafuta kahawa.

"Umemsikia anavyocheka?"

"Nani?"

"Usijitie hujui, Ardis. Binti wa sanduku."

Nikamwambia watoto wamefurahi tu, si vita.

"Wamefurahia ngozi. Hata mimi nikiwaletea ng'ombe mzima darasani watanipenda."

"Wifi, una wivu."

"Wivu wa nini? Wa mifupa?"

Lakini alikuwa nao, tena wa kumnyima usingizi. Kaka yangu Lyle, mumewe, aliniambia kwamba mezani hasemi lolote ila Janelle hivi, Janelle vile. Na kilichomuuma hasa nilikijua. Ule ulikuwa mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Kila majira ya kuchipua shule hufanya Siku ya Jimbo, wazazi wakajaa ukumbi wa michezo kuona watoto walichojifunza, na Verna alitaka siku hiyo ya mwisho iwe yake. Alitaka aondoke mji mzima ukijua kwamba ni yeye aliyeufundisha jimbo lake. Sasa aliona ataondoka watu wakiwa wamempa mgongo, wanapapasa nyati.

Theluji ilipoanza kuyeyuka nilikwenda kwake kuchukua chupa za matango ya siki. Huziweka chumba cha chini ya nyumba. Nikaona mablanketi ya viraka yamerundikwa juu ya kitu chenye magurudumu. Nikayainua. Lilikuwa lile sanduku la makumbusho, sikuhitaji kuambiwa.

"Verna, hili si la kukaa shuleni?"

"Nimeliazima kihalali. Zamu ni zamu."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka shule ifungwe."

"Darasani kwako limefika?"

Akayarudisha mablanketi juu ya sanduku.

"Basi watoto wako nao wamelikosa."

"Ardis, chukua matango yako uende."

Nilikasirika kwelikweli. Kumnyima Janelle ni jambo moja, lakini yule mtoto aliyeuliza watashika nini alikuwa wake mwenyewe. Sikumtangaza, maana ni mke wa kaka yangu, ila supu niliyompakulia siku zile ilikuwa ya juujuu, viazi vyote vikabaki chini ya sufuria.

Huku nyuma Janelle aliomba tena sanduku, akakosa. Hakulalamika. Aliwaambia watoto wake waulize nyumbani kama kuna kitu chochote kilichowahi kumfundisha mtu wa familia habari za jimbo hili, wakilete. Verna aliposikia alicheka mpaka akashika kifua. Akaniambia tutaona vibao vya namba za magari vilivyoingia kutu na kofia za makampuni ya mbegu.

Siku ya Jimbo ikafika. Meza ya Verna ilikuwa mlangoni kabisa, watoto wake wakitikisa chupa za malai ili wapate siagi, na ramani mpya zimepangwa mbele. Nilikuwa nimesimama naye, nikikata mikate. Watu waliingia, wakamsalimu, wakapita moja kwa moja hadi ukuta wa mwisho wa ukumbi, wakasongamana huko. Hawakurudi. Verna akavumilia, akavumilia, kisha akavua aproni na kwenda kuona kuna nini.

Ukuta mzima ulikuwa ramani za chumvi. Zimepasuka, zimepauka, zimeliwa na panya pembeni, kila moja na jina la mtoto chini yake, na wengi wa watoto hao sasa walikuwa na vipara. Mama mmoja alileta yake pamoja na ya binti yake. Duane Fossum alikuwa amesimama chini ya jimbo lisilo na mashariki, akiwaeleza wajukuu habari za yule ng'ombe. Na kwenye kila ramani, hata zile zilizopoteza Bismarck, punje ya ngano ilikuwa palepale.

Janelle akapanda kwenye kiti. Alisema aliomba vitu vya kufundishia jimbo, na nyumba baada ya nyumba ikamletea kitu kilekile. Kisha akamwonyesha Verna kwa mkono, na ukumbi wote ukageuka ukapiga makofi. Duane alipiga na miguu.

Verna akatabasamu kwa midomo tu, akatoka nje. Nilimfuata hadi garini. Alikuwa ameshika usukani bila kuwasha.

"Si ndiyo uliyoitaka?" nikamwambia.

"Niliitaka. Lakini kanipa yeye."

Janelle akaja mbio akiwa na aproni ya Verna mkononi, alidhani ameisahau. Wifi yangu akashusha kioo.

"Janelle, sanduku liko kwangu. Limekaa huko muda wote."

"Najua, Mwalimu. Makumbusho waliniambia siku ileile nilipopiga simu."

"Ukanyamaza?"

"Nilifikiri ni mwaka wako wa mwisho, pengine unalihitaji kuliko mimi." Akamwekea aproni mapajani, akarudi ndani kwa watoto.

Verna aliikunja ile aproni, akaikunjua, akaikunja tena. Nilingoja alie, nimshike bega. Hakulia. Aliutazama mlango wa ukumbi ambao Janelle alikuwa ameingilia.

"Ardis," akasema, "hata roho nzuri kanizidi."