Vifungo Kumi na Viwili Mfukoni

Shangazi yangu, fundi cherehani, siku hizi hutunga uzi kwa kuulamba, kuukodolea macho, na kulikosa tundu la sindano. Macho yamemchoka. Ndiyo maana karakana ya ushirika wao ilipohamia chumba kipya chenye dirisha upande mmoja tu, aliitamani meza ya dirishani kuliko kitu chochote. Kwenye giza la ukutani angeweza kukunja pindo tu. Magauni, kazi aliyoipenda, yangemponyoka.

Meza za dirishani zilikuwa tatu, mafundi kumi na wawili. Mwenyekiti akatia mfukoni vifungo kumi na viwili: vyeupe vitatu, vyeusi tisa. Atakayetoa cheupe, dirishani.

Shangazi akaniuliza ana nafasi gani. Nikamweleza kwamba tunachukua idadi ya vyeupe, tunaigawanya kwa idadi ya vyote: tatu kwa kumi na mbili, yaani robo.

"Robo?" akacheka. "Profesa, mbona unanizika mapema?"

Wakamtanguliza yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Akaingiza mkono. Mkono ukakawia humo, hata wenzake wakaanza kumtania kwamba anachagua mchumba. Kisha akautoa mtupu.

"Mwenyekiti, vyeupe vina matundu manne, vyeusi mawili. Cheupe nimeshakishika."

Mwenyekiti alikuwa ameviokota tu kwenye kopo la vifungo, akasahau kwamba fundi ana macho vidoleni. Nami nikapigwa na butwaa. Robo yangu ilikuwa ya mkono usiojua kitu, na mkono wa shangazi ulijua. Alikuwa ameishika hakika nzima kati ya vidole viwili, akaiachia.

Basi kila kifungo kikavishwa kitambaa, kikazungushiwa uzi, hata vyote vikawa sawa kwa kugusa. Mfuko ukatikiswa vizuri. Shangazi akachomoa kimoja upesi, akakata uzi kwa meno.

Cheusi.

Nilishindwa kumtazama. Yeye akakigeuzageuza kiganjani, akatabasamu kidogo.

"Robo tatu nazo zina haki yao," akasema.

Akaburuta kiti hadi meza ya ukutani, akaketi, akatandaza gauni alilokuwa amelianza, kisha akaninyooshea sindano.

"Nitungie, mwanangu."

Niliipokea kwa mikono miwili. Ilinichukua muda kuliona tundu.