Droo ya Mkunga

Mtunza stoo wetu tulimbandika jina la Bibi Tarehe, kwa sababu hagusi kitu kabla ya kusoma kinaisha muda lini. Mumewe alishanilalamikia kwamba hata unga wa nyumbani lazima ukaguliwe kwanza. Mimi ni mkunga, mdomo haunitulii, na ndimi niliyemcheka kuliko wote.

Kisha ikaja barua ya wilaya: kituo chetu cha afya kinaagiza dawa nyingi kuliko wagonjwa wake. Matumizi yasiposhuka ndani ya miezi mitatu, chumba cha kujifungulia kitafungwa. Hospitali iko mwendo wa saa nne kwa miguu. Mwenye uchungu hana saa nne.

Bibi Tarehe akatuita sote. "Jamani, stoo tupu, na kila wiki mnaagiza. Dawa zinalala wapi?"

Kila mtu alijua. Kuna mwaka dawa zilikatika miezi miwili, na tangu hapo kila chumba kilijifichia akiba yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Haya, naanza mimi." Akafungua kabati lake mwenyewe, akatoa pakiti tisa za glavu alizotuficha. Tukacheka, halafu droo zikaanza kufunguka.

Yangu ilitia fora. Chupa kumi na nne za dripu, sita zimeshaisha muda. Mwaka jana nilimtuma mume wa mzazi mjini akanunue dripu, nikimwapia kwamba hatuna. Kumbe zilikuwa nyuma ya mashuka, nimezisahau. Niliona aibu hadi nikalia mbele za watu.

"Basi, dada," Bibi Tarehe akaniambia. "Yule mama alipona. Lete hizo nane."

Tangu siku hiyo, kila Jumatatu chumba huchukua cha wiki tu, kinachobaki hurudi stoo, na kinachokaribia kuisha muda ndicho hutangulia kutoka. Ziada tulibadilishana na kituo jirani. Nilinung'unika wiki mbili nzima. Kukaa bila akiba kunataka moyo. Mwezi wa tatu tuliagiza nusu ya zamani, wala hakuna mgonjwa aliyeondoka mikono mitupu.

Majibu ya wilaya yalifika mchana, nikiwa leba, kichwa cha mtoto kimeshaonekana. Bibi Tarehe akachungulia mlangoni na karatasi mkononi, anahema.

"Dada, hawafungi."

"Hawafungi nini?" mzazi akauliza kwa tabu.

"Hakuna kitu, mwanangu," nikamjibu, machozi yakinitoka. "Wewe sukuma."