Jitu Ambalo Halikusuguliwa

Mdogo wangu wa mwisho alikuja nyumbani, kijijini kwetu Tabaka, likizo hii na kitabu kizima. Nasema kizima kwa sababu mimi nilikijua kikiwa nusu. Sasa yuko chuoni, na huko wanasomeshwa hadithi za kutisha za Wazungu wa zamani, zilizoandikwa kabla reli haijafika nchi hii. Alikaa mlangoni pa jikoni akanisomea sura ya mwisho huku nikichambua mboga za chinsaga, na alipomaliza mikono yangu ilikuwa imesimama.

Lile jitu la kitabuni, rafiki yangu, halipokelewi na mtu. Aliyeliunda anakufa bado akilichukia, nalo linaondoka peke yake kwenye barafu likafe. Basi. Hapo ndipo kitabu kinapoisha.

"Dada," akaniambia akicheka, "wewe ulitusomea kitabu gani?"

Ngoja nikueleze. Mama alipomfuata baba kaburini, mimi nilikuwa darasa la saba, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu. Sikurudi shule. Nilipata kazi kwenye banda la kufungia vinyago vya mawe ya sabuni, vile vinavyosafirishwa ng'ambo. Kila kinyago kilifungwa kwa karatasi kisipate mkwaruzo, na karatasi zilitoka mjini kwa magunia: magazeti, mitihani ya zamani, vitabu vilivyopoteza majalada. Tulikuwa tunachana tu bila kuangalia. Siku moja nilikuwa nafunga vinyago vya viboko wadogo, nachana kitabu kuanzia nyuma, jicho langu likanasa mahali kijana mmoja anaunganisha vipande vya maiti ili aunde mtu. Nilishtuka hadi nikaangusha kiboko. Mama msimamizi akaniuliza kama nimeona nyoka.

"Naomba hiki kitabu," nikasema.

"Chukua. Karatasi yake ngumu, hata haikunjiki vizuri. Lakini yule kiboko sikio limekatika, kaa ukijua nimeona."

Kilikuwa cha Kiingereza, kile kilichorahisishwa kwa ajili ya shule, na Kiingereza ndilo somo nililokuwa nikiwashinda wenzangu. Jumapili mchana tulikaa uani na makarai ya maji, wadogo wangu wakisugua bakuli za mawe kwa msasa, mimi nikisoma na kuwageuzia kwa Ekegusii, lugha yetu. Nausikia bado ule mkwaruzo wa msasa kwenye jiwe lililolowa, na nyanya yetu akimenya ndizi pembeni, akijifanya hasikilizi mambo ya mashetani.

Nilipofika pale jitu linapofungua macho na aliyeliunda anatoka chumbani mbio, mkwaruzo ulikoma. Ndugu yangu anayenifuata alikuwa na bakuli mkononi, maji yakimtiririka hadi kiwikoni.

"Ametoroka?" akauliza. "Na kazi hata haijasuguliwa?"

Wewe kama hukulelewa Tabaka huenda usielewe kwa nini hatukucheka. Kinyago kikitoka kwenye kisu cha mchongaji kinatisha. Kimejaa vumbi jeupe na makovu, jicho moja liko juu ya lingine. Ni maji na msasa vinavyokipa uso, na hiyo ni kazi ya mikono ya siku nzima. Kwetu sisi jitu lile halikuwa baya. Lilikuwa halijamalizwa, na mwenye kazi alikimbia. Hatukuwahi kusikia mchongaji wa aina hiyo.

"Mama yake yuko wapi?" nyanya akauliza, kisu kimekwama kwenye ndizi.

"Hana mama, nyanya. Hata jina hakupewa."

Nyanya alisonya kwa sauti, akaingia ndani.

Nilijua jambo ambalo wadogo wangu hawakulijua. Ukoo ulikuwa umepanga kutugawa. Na Jumapili iliyofuata wakaja, wakakaa kwenye viti vilevile vya matanga, wakanywa chai. Baba mkubwa, kaka yake baba, alitoka Ikonge kwenye mashamba ya majani chai, naye alikuwa na watoto saba wake mwenyewe. Shangazi alitoka Magwagwa.

"Huyu kijana nitaenda naye, achume chai," baba mkubwa akasema. "Yule wa katikati aende kwa shangazi. Huyu mkubwa anatafutiwa kazi ya nyumba mjini. Sasa hiki kidogo..." Akatazama watu mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye kikombe. Nakuambia hakuna aliyetaja jina la hata mmoja wetu.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na miaka mitano. Akamwendea baba mkubwa, akamshika goti.

"Na wewe unatoroka?"

Nikajikuta nimesimama, nikasema hakuna anayeondoka, mimi ninafanya kazi bandani, tutakaa hapa na nyanya.

"Utawalisha mawe?" baba mkubwa akauliza.

"Mawe ndiyo yaliyotulisha tangu tuzaliwe."

"Mwacheni," nyanya akasema. "Na mimi hii mikono bado ni yangu."

Wakatupatia mwaka mmoja wa kutazamwa. Mwaka ukapita, hakuna aliyekuja kuuliza.

Jioni ileile ya kikao, kabla jua halijazama, wadogo zangu walinizunguka wakitaka mwisho wa hadithi. Kurasa zangu zilikuwa zimekwisha; za nyuma nilishazichana kufungia viboko. Nikashika ukurasa wa mwisho niliokuwa nao, nikapitisha macho juu yake kana kwamba ninasoma, nikawaambia yule mtu alirudi. Alichota maji akaliosha jitu, akalisugua polepole hadi likapata uso, akaliita kwa jina.

Siku hizi kwenye mabanda wanafungia kwa plastiki yenye mapovu. Gunia la vitabu haliji tena, na uani kwetu hakuna karai. Wadogo wangu wawili walipata kazi nyingine. Nyanya tulimzika. Baba mkubwa naye alifariki, lakini katika miaka yake ya mwisho alikuwa akituletea ndizi, na mdogo wangu wa mwisho ndiye aliyekuwa akimkimbilia njiani.

Basi siku ile ya kunisomea jikoni, mdogo wangu alifunga kitabu akanitazama sana.

"Dada, ulikuwa unajua kusoma hivyo, mbona hukumaliza shule? Si baba mkubwa angetuchukua sote, wewe usome?"

Mwisho wa kitabu ulinishtua, lakini hili lilinishtua zaidi. Hakumbuki. Hakumbuki viti, wala goti aliloshika, wala swali aliloliuliza.

"Alitupenda sana yule mzee," akasema.

Nikachota maji nikaanza kuosha chinsaga.

"Ndiyo," nikamwambia. "Alitupenda."