Tangazo la Ng'ombe Waliopotea

Mwaka huo tulikula michembe tangu mvua za kwanza mpaka pamba ilipopasuka. Mahindi yalikufa yakiwa na urefu wa goti, mtama wakaula ndege, ikabaki hiyo tu, viazi vilivyokatwakatwa vikakaushwa juani. Asubuhi michembe na karanga, jioni michembe bila karanga. Watoto walijamba darasani mpaka mwalimu akawa anafundishia mlangoni. Mtu akikuambia mwaka huo alikula wali, mwulize alikuwa anamwibia nani.

Ndio mwaka niliokuwa nachangisha kwa ajili ya redio yetu ya hapa Bariadi. Redio ndogo, chumba kimoja cha kusemea, kingine cha meneja, na mnara nyuma karibu na choo. Haina tajiri. Inaishi kwa matangazo ya misiba, salamu, na michango ya wanaoisikiliza. Walinichukua mimi, ambaye darasa la nne sikulimaliza, kwa sababu vijana waliotangulia walikwenda vijijini na fulana na vipeperushi, wakarudi na vipeperushi. Mtu wa kwetu hampi mgeni kitu kwa kuombwa. Atampa maji, atamwuliza baba yake ni nani, kisha atamsindikiza kwa macho mpaka apotee. Mimi nilikaa jikoni na wanawake nikamenya karanga zao. Habari ya mchango niliiacha mpaka waniulize wenyewe nimefuata nini.

"Hiyo redio si ya serikali?" waliniuliza wanawake wa kijiji cha Mwamapalala.

"Siyo."

"Basi ya mbunge."

"Ingekuwa ya mbunge ningekuja na gari."

Walicheka, lakini mikono ilibaki mapajani. Na mimi sikuwalaumu. Ningekuwa wao, ningemkagua hata viatu huyo bibi anayezungukia nyumba za watu mwaka wa njaa.

Kilichoifungua mikono yao ni kitu kimoja, tangazo la ng'ombe waliopotea. Zamani ng'ombe akiibwa ulipigwa mwano, lile yowe la kuita watu, na kila mwanamume aliyelisikia alitoka na fimbo yake. Asiyetoka alitozwa faini. Siku hizi ng'ombe wanaibwa kwa pikipiki na roli, yowe haliwafikii. Redio inawafikia. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla mnada haujachangamka, tangazo linasomwa: dume jeusi, pembe ya kushoto imeinama, sikio limepasuliwa, limetoka kwa fulani. Mnadani kila mtu ana redio kwenye simu. Mwizi akifika na dume hilo anakuta watu wanalitazama sikio.

Msomaji wa tangazo hilo ni mjukuu wangu. Nasema hivyo kwa kujisifu, na nitaendelea kujisifu. Nilikuwa nakoroga uji huku nasikiliza sauti iliyotoka tumboni kwa binti yangu ikiwatisha wezi wa mkoa mzima.

Kwa ajili ya saa hiyo watu walitoa. Choroko, mbuzi, kuku. Mjane mmoja wa kijiji cha Migato alinikabidhi tetea, miguu imefungwa kamba, lakini hakumwachia.

"Mayu, mama yangu, mkiibadilisha saa nitakuja kumdai kuku wangu."

"Haitabadilika. Ni asubuhi."

Ndipo akamwachia.

Halafu radi ikapiga mnara, mtambo wa kurushia matangazo ukaungua, redio ikanyamaza. Kuku wa mkoa mzima wasingenunua mtambo. Wiki hiyohiyo meneja akaniita ofisini, nikakuta soda imeshafunguliwa kwa ajili yangu. Meneja huyo ni mtu wa Tanga, wa maneno laini, lakini soda hajawahi kuninunulia. Nikaitazama ile soda kama ninavyotazama nyoka.

Pembeni alikaa mnunuzi wa ng'ombe, yule anayepakia maroli mnadani kupeleka Dar. Aliinuka akanipigia mwangaluka, salamu ya kwetu, ya kizee kabisa, ameinama mpaka magoti. Mtu wa rika la mwanangu wa mwisho, mjini anaongea kama kondakta. Nikajua anataka kitu.

Alitaka kidogo sana. Angenunua mtambo mpya, yeye peke yake. Ila tangazo la ng'ombe lihamie saa moja jioni, na asubuhi uwekwe muziki.

"Asubuhi inakuuma nini?" nikamwuliza.

"Mayu, unanishuku?"

"Nakushuku."

"Kwa lipi sasa?"

"Bado silijui."

Akacheka, akamgeukia meneja. Meneja akasema jioni wasikilizaji ni wengi, wametulia majumbani.

"Jioni roli la mnadani limeshafika wapi?" nikamwuliza.

Meneja akakuna shingo. "Hilo nimeliona, Bibi. Lakini bila mtambo hatuna asubuhi wala jioni."

Alisema kweli. Lakini hawakuniita niwape ruhusa, walishakubaliana. Walichotaka ni mimi nirudi Migato na Mwamapalala niwaambie watu kwamba saa imebadilishwa kwa faida yao, kwa kuwa wananiamini.

Nikasema, "Mimi siendi. Niliwaambia ni asubuhi, na ni asubuhi."

Nikaiacha soda mezani.

Nyumbani mjukuu wangu alikuwa ameshapigiwa simu na meneja. Tangu radi ipige alikuwa anakaa uani, anafua nguo ambazo si chafu.

"Bibi, yule mtu hajawahi kukamatwa na ng'ombe wa wizi."

"Sijasema ni mwizi."

"Basi unamshuku nini?"

"Ananunua mtambo mzima ili saa ya tangazo ihamishwe. Wewe ungenunua?"

Alikamua nguo, akaikamua tena. "Pengine anapenda muziki."

"Pengine."

"Na mimi je? Redio ikifa nikasomee wapi, kwenye sufuria zako?"

Hilo lilinichoma. Sikuwahi kusikia mtoto huyo akiniomba kitu tangu aache nyonyo, na sasa alikuwa ananiomba bila kutaja. Nikatafuta kazi ya mikono, nikachukua michembe nikaanza kuichambua wadudu.

Simu yake ikalia. Meneja. Akaiweka sauti ya juu, akaisogeza karibu na uso wangu, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kitu.

"Shikamoo Bibi. Gari lipo, mafuta yapo, ni neno moja tu la kuwaambia. Utakwenda?"

Mjukuu wangu alinitazama. Nilimtazama yeye, nikaisemea simu.

"Mimi siendi. Niliwaambia ni asubuhi, na ni asubuhi."