Siku Niliyofungiwa Mnarani Al-Hamra

Nafanya kazi za nyumbani kwa familia moja hapa Al-Hamra, Jeddah. Mwezi jana nilichukua riwaya ya Kiingereza kwenye rafu ya madam bila kumwambia, nikawa naisoma jikoni wali ukiiva. Ni ya mapenzi ya zamani, kule mpakani mwa Uskoti na Uingereza. Binti amefungiwa mnarani na mjomba wake, anayetaka kumwoza kwa mzee fulani.

Kila siku nilimsimulia dada yangu aliyeko Kakamega kwa ujumbe wa sauti. Na mimi nikisimulia siwezi kusema "yule binti." Nakuwa yeye, na kilio juu: "Wamenifungia, siku ya tatu sijala! Mzee mwenyewe hana hata meno! Nikipata nafasi navuka mpaka!"

Dada alijua ni kitabu. Mama alishika simu ya dada akasikiliza huo mmoja tu.

Jumapili kanisa zima likaniombea kwa jina. Jumatatu ajenti aliyenitafutia kazi, Mkenya wa Riyadh, baada ya kupigiwa na mama, akampigia kafili wangu, baba mwenye nyumba. Nikaitwa sebuleni, nikakuta simu iko kwenye spika, madam ameketi, na huyo baba ameshika ikama yangu, kibali cha kuishi huku.

"Faith, usiogope," ajenti akasema. "Mama yako pia yuko kwenye simu. Nani anakuozesha?"

Nikatoa kitabu kwenye aproni, nikaeleza yote. Ajenti akatafsiri kwa Kiarabu, sauti ikimtetemeka kwa kicheko. Madam alikitazama kitabu alichokitafuta wiki mbili nzima.

Mama akauliza, "Sasa huyo mzee alimwoa?"

Ajenti akatafsiri hilo pia.

"Halas, basi!" madam akanikatiza kabla sijajibu. "Mimi sijafika hapo."